Viatu Vilivyorudi Kuwa Tairi

Siku ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilikuwa nimeshona gauni jipya, nimeteremka kwa miguu kutoka kwetu Mpale mpaka barabarani, na njia nzima nilijiona nimekaa mezani nagonga mihuri. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Sisi wasichana wachache tuliomaliza shule tulikuwa tunaitwa huku na huku kujaza nafasi zilizoachwa, nami niliitwa stoo ya serikali ya Korogwe, idara ya magari. Bwana Ugavi, mkuu wa stoo, aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, kisha akaonyesha kwa kidole tairi la Landrova lililolala sakafuni.

"Lisimamishe," akasema.

"Mimi ni karani, Bwana."

"Ndiyo. Lisimamishe."

Nikalisimamisha, na gauni langu jipya likapata mstari mweusi ambao haukutoka mpaka lilipokuwa tambara la kupigia deki. Akaniambia nifumbe macho nipitishe kiganja ndani na nje. Nilidhani ananidhihaki. Nikapitisha harakaharaka, maana mimi tangu utoto sina subira.

"Umesikia nini?"

"Vumbi."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na safari hii nikakigusa kivimbe kidogo upande wa ndani, laini, kama jipu linaloanza. Bwana Ugavi akatikisa kichwa. "Hapo nyuzi zimekatika. Ukimpa dereva tairi hili, litapasuka kwenye mteremko wa Lutindi, na mimi na wewe tutakwenda kwenye mazishi. Tairi halinunuliwi na mtu aliyekaa. Umesikia, binti?"

Nimesikia, na sijakaa tangu siku hiyo. Mume wangu marehemu alikuwa akisema alioa kiguu na njia.

Nyie wasomaji wangu vijana mnabonyeza simu, tairi linaletwa mlangoni, halafu mnalalamika limechelewa. Hebu niwaeleze kidogo. Ile sehemu inayokanyaga barabara, yenye mifereji, tunaiita kashata. Kashata zikiisha, tairi linakuwa kipara, na kipara kwenye tope la Handeni hakishiki chochote; gari linacheza kama mlevi. Pembeni ni ukuta wa tairi. Pale kashata inapokutana na ukuta ni begani, na begani ndipo tulipopiga chapa. Kila tairi la serikali lilichomwa chapa kwa chuma cha moto, herufi na namba za gari, kulizunguka tairi lote, ili mwizi asiweze kukata kipande chenye alama na kuuza kilichobaki. Wiki zangu za mwanzo nilinuka mpira uliochomwa mpaka mama yangu akaniwekea sahani yangu mbali.

Nilifanya kazi chini ya Bwana Ugavi miaka kadhaa. Hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na kikohozi kimoja kikavu alichokitoa kabla ya kukataa jambo, kwa hiyo ukikisikia ujue umenyimwa, usijisumbue kusikiliza maneno. Lakini aliniamini, na nafasi ya karani wa ugavi ilipotokea Handeni, idara ya afya, alinipendekeza mimi mbele ya wanaume.

Handeni nikaolewa. Nilimpata Mzigua wa Kwaluguru, fundi seremala, mtu mpole asiyejua haraka ni kitu gani. Tukampata Mwanaidi. Wakati huo ndipo vijiji vya ujamaa vilipopamba moto, watu wanahamishwa, wanakusanywa, na mume wangu akaitwa nyumbani Kwaluguru kupaua shule ya kijiji kipya. Mwanaidi alipofikia umri wa kuachishwa ziwa nilimpeleka kwa bibi yake hukohuko, kama wafanyavyo watu wetu. Mtoto akimwona mama kila siku, ziwa haliachi. Nilimwacha analia mgongoni kwa mama mkwe, nami nikarudi Handeni nikilia vilevile, kifua kimejaa maziwa.

Ofisi yetu ilikuwa na gari moja tu la kutegemewa, Landrova ndefu, ile yenye viti vya nyuma vya kutazamana. Watu walilibatiza jina Mama Mkubwa kwa sababu halikumkataa mtu. Lilibeba manesi, wajawazito, magodoro, mahindi, mbuzi wa sherehe, na watoto waliodandia bila kuulizwa. Dereva wake alikuwa Salehe, Mbondei mwenye maneno matamu, ambaye alilipangusa gari lile kuliko alivyowaogesha wanawe. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha Mama Mkubwa ana dizeli, ana spea na ana matairi. Dizeli ilipatikana kwa shida. Spea ilipatikana kwa maombi. Lakini matairi, Mungu wangu! Nchi nzima yalikuwa yanatafutwa kama dawa, na yalikopatikana kwa njia halali ni stoo ya Korogwe tu, kwa Bwana Ugavi wangu yuleyule.

Sasa kulikuwa na desturi Handeni, nayo ndiyo iliyotuponza. Gari likizama kwenye tope huko mbugani, anayelinasua ni mfugaji. Vijana wa Kimasai wanakuja na kamba za ngozi, wanaimba, wanavuta. Hawaombi pesa. Mzee wao analizunguka gari taratibu, anayatazama matairi moja moja kwa jicho la mnunuzi, kisha anaweka mkono juu ya lile lenye kashata zilizokwisha. Maana yake: hili likitoka, ni letu. Wanayakata wanatengeneza katambuga, viatu vya tairi, na kuta zake wanafanya bawaba za mageti ya mazizi. Huko miba ni kama misumari, na bila katambuga hutembei. Kila dereva wa wilaya ile aliijua desturi hiyo na kila dereva aliiheshimu, maana mvua ijayo ungezama tena.

Masika yale Mama Mkubwa lilizama karibu na boma la mzee mmoja aitwaye Mepukori. Walilivuta tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mepukori akaweka mkono juu ya tairi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa vipara. Salehe akasema, "Yote yako, mzee. Mapya yakifika tu."

Yakafika. Korogwe walitupigia simu kwamba matairi manne ya Landrova yametengwa kwa ajili yetu, njooni. Nilipiga vigelegele pale ofisini. Salehe hakungoja. Akalipandisha gari juu ya mawe, akavua matairi kwenye rimu, na vijana wa Mepukori waliokuja mnadani wakayaviringisha mpaka kwao, wanacheka njia nzima. Siku chache baadaye mimi na Salehe tukapanda basi kwenda Korogwe kuchukua mapya.

Bwana Ugavi alikuwa ameota mvi, lakini kikohozi kilikuwa kilekile. Nilikisikia kabla hajafungua mdomo, nikajua tumenyimwa.

"Chakavu ziko wapi?"

"Chakavu zipi, Bwana?"

"Agizo jipya. Matairi ya serikali yanaishia kwa walanguzi. Kuanzia Jumatatu iliyopita, lete chakavu, chukua mpya. Tairi kwa tairi, chapa kwa chapa."

"Jumatatu iliyopita! Leo Alhamisi. Nani alituambia?"

"Mimi nakuambia sasa."

Nikapandisha sauti. Nilimwambia Handeni si Korogwe, huko hatuna lami wala gari la pili, na matairi yale tumeshayatoa kwa watu waliotusaidia. Nilisema mengi, mengine ya adabu na mengine si ya adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Zubeda," akasema polepole, "nikikupa wewe kwa sababu nilikufundisha kazi, kesho atakuja ambaye sikumfundisha. Nimwambie nini?"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tukarudi mikono mitupu.

Nilipoingia ofisini nikamkuta Mganga Mkuu wa Wilaya amesimama dirishani. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, lakini siku hiyo alikuwa anazungusha kalamu vidoleni bila kukoma.

"Yamepatikana?"

"Bado, Bwana Mganga."

Akafumba macho. "Surua imeingia Kwaluguru. Wameshazika watoto. Nimefunga kijiji kwa karantini, haingii mtu wala hatoki, na mgambo wako njiani. Chanjo iko Korogwe hospitali, wamenitengea. Inataka barafu tangu inapotoka mpaka inapoingia mwilini. Na gari langu liko juu ya mawe."

Sikumsikia tena baada ya neno Kwaluguru. Mwanangu yuko huko, nikamwambia, mwanangu yuko kwa bibi yake, ngoja nikamtoe, nitakwenda kwa miguu sasa hivi.

"Huwezi kumtoa," akasema. "Wewe mwenyewe ukiingia hutatoka. Anayeweza kufika kwa mwanao ni nesi na kisanduku cha barafu, basi."

"Gari la Mkuu wa Wilaya?"

"Liko Tanga na mwenyewe. Basi haliendi Kwaluguru. Lori la ushirika limekatika ekseli. Nimeshauliza kote, Zubeda."

Kijana unayesoma, kama una mtoto utanielewa. Usingizi haukuja. Nilizunguka uani mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na hasira. Hasira na surua, hasira na agizo, hasira na Salehe, hasira na mume wangu aliyekuwa hukohuko na asingeweza kufanya lolote ila kumshika mtoto mkono. Na katikati ya hasira hiyo wazo likanijia, la kijinga kabisa, na kwa kuwa sikuwa na lingine nikalishika.

Kulipokucha nikamwendea Salehe. "Twende kwa Mepukori."

"Kufanya nini? Yameshakatwa. Juzi nilimwona kijana wake amevaa."

"Twende tukaombe viatu."

Alinitazama kana kwamba nimeshikwa na malaria ya kichwani, lakini akachukua gunia akanifuata. Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye kariya, nikimhimiza kila hatua mpaka akaniambia niteremke niendeshe mwenyewe.

Mepukori alitupokea vizuri. Tukaletewa maziwa kwenye kibuyu. Pale kila aliyepita alikuwa amevaa katambuga mpya, wazee, vijana, kina mama, na nilipotazama begani mwa kila soli niliona vipande vya chapa ya gari letu, herufi hapa, nusu ya namba pale.

"Tulivuta gari," akasema Mepukori kwa Kiswahili chake cha kukata. "Mkatupa tairi. Imekwisha. Hakuna deni."

"Hakuna deni, mzee. Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Viatu vyenu. Vyote. Na bawaba za mageti, na vipande mlivyotupa."

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akanyanyua mguu akauchezesha mbele yangu. Mepukori hakucheka. Aliningoja. Nikamweleza kuhusu stoo, kuhusu agizo, halafu nikafika kwenye surua na mwanangu aliyefungiwa Kwaluguru. Nikaanza kulia mbele ya wanaume wale, nikiwa nimesimama, maana hata kukaa kwenye kigoda walichonipa sikuweza.

"Mtoto wa ngapi huyo?" akauliza.

"Wa kwanza. Ndiye huyo huyo mmoja."

Aliinuka. Akazungumza Kimaa, maneno machache tu. Kisha yeye mwenyewe akainama akavua katambuga zake, akapigapiga soli kutoa udongo, akazitia kwenye gunia la Salehe. Yule kijana aliyechezesha mguu akafuatia. Wakaja mmojammoja. Wakafungua bawaba za geti la zizi wakafunga miti kwa kamba. Watoto wakakimbia kuokota vipande vilivyotupwa karibu na majivu.

"Nitawaletea vingine," nikamwambia. "Naapa, mzee. Nitawaletea."

"Miguu tunayo," akajibu. "Nenda."

Vilikuwa vimepungua viatu vya mtu mmoja. Mke mdogo wa Mepukori, Naserian, alikuwa amekwenda mbali kuchota maji, na hatukuweza kumngoja bila kulala njiani na kukosa basi la kesho yake asubuhi. Nilijua Bwana Ugavi ataliona pengo. Nikamwambia Salehe twende hivyohivyo.

Asubuhi basi la Korogwe lilishaanza kunguruma, kondakta anapiga bodi twende, ndipo nikasikia ngumi zikigonga ubavuni upande wangu. Nikatoa kichwa dirishani. Alikuwa Naserian, msichana bado, tumbo limeanza kuonekana, shuka limelowa umande mpaka kiunoni. Alikuwa ametembea kutoka bomani kabla jua halijachomoza, na alikuwa ametembea peku, maana katambuga alizishika mkononi. Akanirushia dirishani, moja ikanipiga kifuani. Kiswahili hakukijua. Alisema neno moja tu.

"Mtoto."

Basi likaondoka. Niligeuza soli zile nikaona miba ya njia ya maji imechomeka pande zote. Miguu yake sikuthubutu hata kuifikiria.

Korogwe sikusalimia. Niliingia stoo na Salehe, nikashika gunia kwa chini, nikalimwaga lote sakafuni mbele ya meza ya Bwana Ugavi. Makarani wakasimama kutazama.

"Ni nini hiki?"

"Chakavu, Bwana. Tairi kwa tairi."

"Hivi ni viatu."

"Vilikuwa tairi. Chapa ziko. Zisome."

Kikohozi kikaanza kumpanda, na mimi sikutaka kukisikia. Nikapiga magoti. Nikachukua katambuga ya kwanza, nikatafuta herufi begani, nikaiweka chini. Nikatafuta ya pili inayofuatia. Salehe akachuchumaa upande wa pili. Tuliziunga soli moja baada ya nyingine, vipande vya majivuni kwenye nyufa, bawaba kwa pembeni, mpaka duara la kwanza likaanza kuonekana pale kwenye saruji. Nilikuwa nazungumza peke yangu kama kichaa, natokwa jasho, nachanganya vipande, navitupa, navirudia.

"Hicho si cha hapo," nikasikia.

Bwana Ugavi alikuwa ametoka nyuma ya meza. Alikunja suruali yake ya kaki magotini, mtu mzima yule, akapiga magoti kwenye vumbi. Akachukua katambuga niliyokuwa nimeiweka, akafumba macho, akaipitishia kiganja. "Hiki kimelika upande mmoja. Ni cha tairi la mbele kushoto. Kile kule." Akakihamisha. Kikaingia barabara. Tukaendelea watu watatu, na makarani wengine wakasogea wakawa wanatupokeza vipande.

Maduara matatu yakafunga. La nne lilikuwa na pengo. Bwana Ugavi akalitazama, akanitazama. Nikafungua kitambaa nilichokuwa nimefunga kiunoni, nikatoa katambuga za Naserian, bado zina unyevu. Nikazipachika. Namba ya mwisho ya chapa ikakamilika.

Alizigusa kwa kidole palipolowa. "Nani alivaa hizi?" akauliza.

"Mtu ambaye sasa hivi yuko peku, Bwana."

Akasimama kwa shida, akajifuta magoti. "Wapeni matairi," akasema, "na mtu akawasaidie kupandisha juu ya basi." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Yapitishie kiganja kabla hujayatoa hapa. Yote manne." Nikayapitishia moja moja, ndani na nje.

Hospitali walitupakia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, nikakipakata mapajani njia yote ya kurudi. Handeni Salehe aliyafunga matairi kwa kasi ambayo sikuiona tena kwake. Mama Mkubwa likashuka kwenye mawe likiwa na kashata mpya nyeusi. Nesi akapanda, nami nikapanda bila ruhusa ya mtu. Njia ilikuwa tope tupu. Lakini tairi jipya linashika, vijana. Linauma ardhi, linavuka. Kila tulipovuka korongo Salehe alisema alhamdulillahi kwa sauti.

Kwaluguru mgambo walinizuia kwenye kamba iliyofungwa kukata barabara. Nesi akapita na kisanduku, mimi nikabaki. Nilitembea kando ya kamba ile mbele na nyuma mpaka nikatengeneza njia kwenye majani. Kutoka pale niliona makaburi mapya, madogo, na sikuweza kujua ni ya nani. Niliita jina la mume wangu, upepo ukala sauti. Mwishowe nikamwona mama mkwe wangu kwa mbali, amesimama kando ya ukuta wa shule isiyo na paa, na mgongoni kuna kitu kimefungwa. Akageuka ili nione. Kilikuwa kinapiga mateke.

Nesi aliporudi aliniambia, "Wako amelia kuliko wote." Nikakaa chini. Nadhani ndiyo mara pekee katika utumishi wangu niliyokaa kazini.

Chanjo ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hiyo iliyobaki nesi aliwapa watoto wa bomani kwa Mepukori tulipokuwa tunarudi. Watu wazima walisimama wamewashika watoto, wote peku. Naserian alikuwa amefunga matambara miguuni.

Sasa nifike kwenye neno lililonikaa kooni. Agizo lilisema chakavu zichomwe, zikachomwa palepale uani Korogwe. Na kuanzia siku ile hakuna tairi chakavu lililotoka mikononi mwetu isipokuwa kwenda stoo. Mimi ndiye niliyekuwa nayapeleka, moja moja, na kila nililolipeleka niliona pea za viatu zikipita mbele yangu. Nilimpelekea Mepukori sukari, nikapeleka kitenge na viatu vya plastiki ambavyo kwenye joto lile vilipasuka mara moja. Alipokea kwa heshima. Lakini nilichoapa kilikuwa kingine. Baadaye operesheni ya vijiji ikalihamisha boma lile, wakaambiwa wakakae kwingine, na nilipokwenda nilikuta miti ya zizi tu. Nikauliza minadani miaka na miaka. Nilipandishwa cheo, nikahamishwa Korogwe kukalia kiti cha Bwana Ugavi baada yake, nikastaafu, na bado nilikuwa nauliza.

Kustaafu hakukunituliza. Watu walinipa kiti cha kuegemea siku ya kuniaga, nacho mpaka leo wanakalia wageni. Mwanaidi ana watoto wengi na gari kubwa la familia, lile la viti vya safu tatu, na kila anapokwenda kununua matairi lazima nimfuate. Hivi majuzi tulikuwa duka moja pale Korogwe. Fundi akatuletea manne mapya. Nikafumba macho nikaanza kupitisha kiganja.

"Mama, kaa chini, unaaibisha," Mwanaidi akasema. "Yana karatasi bado!"

"Sikuja hapa kukaa."

Fundi akacheka, akayafunga, na yale ya zamani akayasukumia pembeni. "Haya niachieni, bibi, nitayatupa."

"Nani kakwambia ni yako? Pakia ndani."

Mwanaidi akashika kiuno. Aliuliza nayapeleka wapi, viti vitachafuka, watoto watakaa wapi. Nikamwambia aelekeze gari Handeni. Wiki ile kijana mmoja mnadani alikuwa ameniambia kwamba bibi yake anaitwa Naserian, mjane wa Mepukori, na alinieleza njia. Mwanangu hadithi ya viatu nilikuwa nimeshamsimulia tangu mdogo, lakini siku zote alidhani natia chumvi. Njia nzima alinung'unika juu ya harufu ya mpira.

Tulimkuta mwanamke mzee ameketi kivulini mwa nyumba yake, macho yamefifia lakini shingo imenyooka. Akatoa salamu ya kwao, "Takwenya," nami nikaitika, "Iko." Nikafungua mlango wa nyuma nikaviringisha tairi la kwanza mpaka miguuni pake. La pili. La tatu. La nne. Akaweka mkono juu ya kila moja, akapapasa kashata zilizokwisha. Alinitambua kwa matairi yale kabla ya uso wangu.

Siku hizi Kiswahili anakijua. Akamwinulia Mwanaidi kidevu, akamtazama muda mrefu, mwanamke mwenye mvi zake tayari, na funguo za gari mkononi.

"Ndiye huyu," akaniuliza, "tuliyemvulia viatu?"

"Ndiye."

Mwanaidi akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Funguo zikamponyoka. Hakuziokota. Aliinamisha kichwa kama mtoto anavyosalimia wazee wa kule, na Naserian akamwekea kiganja utosini, akakiacha hapo.

Kisha bibi yule akamwita mjukuu alete kisu cha kukatia katambuga.